Utando Unaotenga Chumvi na Maji: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Mtambo Kuzinduliwa

Matini ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakaazi na kamati za maji



Maji ya chumvi si habari ngeni katika pwani ya Kenya. Kisima huchimbwa, maji yakapatikana, watu wakafurahi. Baada ya miaka michache chai inakuwa na ladha ya chumvi, sabuni haitoi povu, na mifereji inashika kutu. Mwenye uwezo hununua maji matamu kwa mtungi kutoka kwa mchuuzi wa mkokoteni. Asiye na uwezo huyanywa yale yale ya kisimani.

Chanzo cha hali hiyo kiko chini ya ardhi. Karibu na bahari, maji matamu yaliyotokana na mvua hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa hesabu ya wataalamu, penye mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, huwa kuna takriban mita 40 nyingine chini ya usawa huo kabla ya kuyafikia maji ya chumvi. Hesabu hiyo ina upande wake mchungu. Pampu ikivuta kupita kiasi na usawa wa maji ukashuka mita 1, maji ya chumvi yanaweza kupanda mita 40 kutoka chini kadiri muda unavyopita. Ndiyo maana vilima vya mchanga vya Shela, vinavyohifadhi maji ya mji wa Lamu, vinahitaji ulinzi mkali.

Kuchemsha maji huua viini vya maradhi. Dawa ya klorini huviua pia. Lakini hakuna kati ya hizo mbili inayoondoa chumvi. Maji yakichemka kwa muda mrefu chumvi huzidi kukolea, kwa kuwa mvuke huondoka na chumvi ikabaki sufuriani. Mtungi wa lita 20 wa maji ya bahari una chumvi ya gramu 700 hivi, karibu robo tatu ya kilo. Kisima chenye gramu 3 za chumvi kwa kila lita hutia gramu 60 katika mtungi huo huo, yaani vijiko vya mezani vitatu hadi vinne.

Kwa hiyo mitambo ya kuondoa chumvi imeanza kuonekana pwani. Kiunga, katika Kaunti ya Lamu, iliwekewa mtambo unaotumia nguvu za jua mwaka 2018. Mitambo ya namna hiyo itazidi kuletwa, na kila unaoletwa utakuja na maneno mapya: polima, utando, chembe za nano. Mazungumzo haya yanaeleza maneno hayo kwa lugha ya kawaida, kisha yanataja maswali ambayo mkaazi ana haki ya kuyauliza kabla fedha za umma hazijatumika.

Kazi ya kifumbu

Kila aliyewahi kukamua tui anaijua kazi ya utando. Nazi iliyokunwa hutiwa kwenye kifumbu, mkono ukakamua, tui likatoka na chicha ikabaki ndani. Matundu ya kifumbu yakiwa makubwa, chicha hupita. Yakiwa madogo sana, mkono huchoka kabla tui halijatoka. Na chicha ikishagandamana kwenye pande zake, hata mwenye nguvu hapati kitu mpaka kifumbu kioshwe. Mambo hayo matatu ndiyo yanayowashughulisha watafiti wa tando za kuchujia maji duniani kote.

Tofauti iko kwenye ukubwa wa matundu. Wataalamu hupima kwa nanomita, ambayo ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni moja. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Bakteria wa kipindupindu wana urefu wa zaidi ya nanomita 1,000, na virusi vya polio ni nanomita 30 hivi. Utando wenye matundu ya nanomita 10 hadi 100 huzuia bakteria na virusi vingi, na huo unatosha kwa maji ya mto au ya bwawa. Chumvi haizuiliwi na matundu hayo. Ikishayeyuka ndani ya maji, chembe zake ni ndogo mno, na utando wa kuizuia lazima uwe umebana kiasi kwamba maji yenyewe hupenya kwa shida.

Kwa hali ya kawaida, maji yakitengwa kwa utando wa aina hiyo, yale matamu huvuka kwenda upande wa chumvi. Mtambo huyalazimisha kwenda kinyume, kutoka kwenye chumvi kwenda kwenye utamu, na kinachoyalazimisha ni shinikizo la pampu. Kwa maji ya bahari, shinikizo hilo ni mara 25 hadi 30 ya upepo ulio ndani ya gurudumu la gari dogo. Kwa visima vyenye chumvi ya wastani, mara 5 hadi 10 mara nyingi hutosha. Hapo ndipo bili ya stima inapoanzia.

Utando wenyewe una tabaka tatu. Chini kuna kitambaa cha poliesta cha kuubeba. Katikati kuna polima inayoitwa polisalfoni, iliyotandazwa ikiwa majimaji na kutumbukizwa majini ili igande ikiwa na vishimo tele, mfano wa mkate wa kumimina. Juu kuna ngozi ya poliamidi yenye unene wa nanomita 100 hadi 200 hivi. Ngozi hiyo nyembamba ndiyo inayoizuia chumvi. Karatasi hizo hukunjwa kama mkeka na kuingizwa ndani ya bomba. Bomba moja la kawaida la mitambo mikubwa, lenye urefu wa mita 1 hivi, hubeba utando wa takriban mita za mraba 37.

Utando wa kwanza wenye manufaa ya kweli ulitengenezwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, California, ulianza kunywa maji ya kisima cha chumvi yaliyosafishwa kwa njia hiyo. Katika miaka ya 1970 John Cadotte alitengeneza ngozi ya poliamidi, na mpaka leo mitambo mingi hutumia utando wa ukoo huo.

Utando unavyoziba

Polima nyingi zina tabia ya plastiki. Maji yakimwagwa juu yake hujikusanya matone, kama yanavyofanya juu ya jani la mgomba, huku mafuta na uchafu vikishikilia. Bakteria hujibandika na kutoa ute, kama ule unaoguswa na kidole ndani ya mtungi usiosuguliwa. Chuma na chokaa vilivyomo katika maji ya kisima huganda juu ya ute huo. Maji yanayotoka hupungua, mwendeshaji huongeza shinikizo, bili hupanda, na uchafu huzidi kugandamizwa.

Mtu angedhani dawa yake ni kutia klorini nyingi. Kwa utando wa poliamidi hilo ni kosa kubwa, kwa sababu klorini huila ngozi ile na chumvi huanza kupita. Maji yakiwa yametiwa klorini, ni lazima iondolewe kabla ya kuufikia utando.

Chembe za nano kazini

Mwaka 2007 watafiti wa chuo kile kile cha Los Angeles, wakiongozwa na Eric Hoek, walichapisha matokeo ya jaribio jipya. Walichanganya chembe ndogo mno za zeoliti, madini yenye vishimo vya asili, ndani ya ngozi ya poliamidi wakati ikitengenezwa. Aina waliyotumia ina vishimo vya nanomita 0.4 hivi. Molekuli ya maji, yenye upana wa chini ya nanomita 0.3, inaweza kupita. Chumvi iliyozungukwa na maji yake haipiti kwa urahisi. Chembe zilipotiwa kwa wingi zaidi, utando ulipitisha maji karibu mara mbili ya ule usio na chembe, na uwezo wa kuzuia chumvi ukabaki ule ule. Ugunduzi huo uliingia sokoni kupitia kampuni ya NanoH2O, ambayo LG Chem ya Korea Kusini iliinunua mwaka 2014.

Tangu hapo watafiti wamejaribu chembe nyingine nyingi. Dayoksidi ya titani hufanya uso wa utando upende maji, hivyo uchafu haupati pa kushika. Chembe za fedha huua bakteria. Oksidi ya grafini, ambayo ni karatasi nyembamba mno ya kaboni, na hata aina fulani za udongo, zimetiwa katika polisalfoni na polima nyingine kwa nia hiyo hiyo. Mengi ya majaribio haya bado yako maabarani.

Tatizo la kwanza la chembe hizi linafahamika kwa kila anayepika uji. Unga ukimwagwa mkavu ndani ya maji yanayochemka, unashikana madonge. Mpishi huukoroga kwanza kwa maji baridi, ndipo autie sufuriani. Chembe za nano nazo hupenda kushikana zenyewe kwa zenyewe kuliko kuenea ndani ya polima. Kwa hiyo wanakemia huubadilisha uso wake kwanza: huupachika vikundi vya kemikali vinavyopenda maji, au vinavyoshikamana na polima kama vidole vinavyofumbatana. Chembe iliyoandaliwa hivyo huenea sawasawa, hukaa mahali pake, na huufanya utando upitishe maji upesi na kunasa uchafu polepole.

Kiasi nacho kina mpaka. Chembe kidogo huleta faida. Zikizidi, madonge hurudi, na kando ya kila donge panaweza kubaki upenyo unaopitisha chumvi. Mchuuzi anayejisifu kwamba utando wake una chembe nyingi kuliko wa wenzake hajasema lolote la maana mpaka aonyeshe chumvi iliyobaki katika maji.

Jambo la pili ni usalama. Chembe isiyoshikwa vizuri inaweza kung'oka na kuingia katika maji ya kunywa, na utando uliopoteza chembe zake hupoteza pia nguvu zake. Fedha hasa hujulikana kwa kuyeyuka kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo, utando wa aina hii hupimwa mara mbili: chumvi iliyoondoka, na kilichotoka kwenye utando wenyewe.

Jambo la tatu ni stima. Kutenga chumvi na maji ya bahari kuna gharama ya asili ambayo hakuna utando unaoweza kuikwepa. Kupata nusu ya maji hayo yakiwa matamu hudai angalau yuniti 1 hivi ya stima kwa kila lita 1,000, hata mtambo ungekuwa bora kiasi gani. Mitambo ya kisasa hutumia yuniti 3 hadi 4, kwa kuwa kuna pampu na kazi ya kuyaandaa maji. Kwa maji ya bahari, basi, utando mpya hupunguza idadi ya mabomba kuliko unavyopunguza bili. Faida yake ya stima huonekana zaidi kwenye visima vyenye chumvi ya wastani, ambavyo ndivyo vingi vijijini.

Kipya kinyemi

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mtambo unaweza kuzinduliwa kwa ngoma na utepe, wageni wakaonja maji mbele ya kamera, na baada ya miezi michache mlango ukafungwa kwa kufuli. Mama aliyekuwa amezoea kuchota maji matamu anarudi kisimani, na fedha zilizotumika hazirudi. Mara nyingi chembe na polima hazina lawama yoyote hapo. Maji hayakupimwa vizuri mwanzoni, kichujio cha mchanga hakikusafishwa, au hakuna aliyejua lini utando unaoshwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na bei ya kubadilisha mabomba yote ndiyo ukuta wenyewe.

Kwa sababu hiyo, kamati ya maji au mkaazi yeyote anapoletewa pendekezo la mtambo, ana maswali sita ya kuuliza.

1. Maji ya kisima hiki yamepimwa wapi, na yana nini? Ripoti itaje chumvi, chuma, chokaa, floridi na viini, tena ya msimu wa mvua na ya kiangazi. Utando huchaguliwa kwa kipimo hicho.

2. Utando huu umejaribiwa kwa maji ya aina gani, na kwa muda gani? Jaribio la saa chache kwa maji safi yaliyotiwa chumvi maabarani halitoshi kuthibitisha jinsi utakavyofanya kazi miezi kumi na miwili kisimani.

3. Kama una chembe za nano, ni chembe gani, na kuna ushahidi gani kwamba hazitoki? Maji yanayotoka yatimize viwango vya maji ya kunywa vinavyosimamiwa na KEBS, na cheti kibandikwe mahali pa kusomeka.

4. Nani ataosha utando, na atajua vipi kwamba wakati umefika? Kanuni ya kawaida ni kuosha maji yanayotoka yanapopungua kwa asilimia 10 hadi 15 chini ya hali ile ile ya kazi. Bila daftari la kila siku hakuna anayeweza kuuona upungufu huo.

5. Maji ya chumvi nyingi yanayobaki yatamwagwa wapi? Mtambo ukichukua nusu ya maji ya bahari, nusu inayobaki huwa na chumvi karibu maradufu. Yakimwagwa ovyo huharibu mashamba, mikoko na mazalio ya samaki, na yakirudi ardhini karibu na kisima, kisima kinakuwa kibaya kuliko mwanzo. Tathmini ya mazingira iliyowasilishwa kwa NEMA isomwe barazani.

6. Je, bei ya mtungi ina fungu la kubadilisha utando? Ukitunzwa vizuri, utando hudumu miaka 3 hadi 5, pengine zaidi. Bei ambayo haikuweka akiba kwa siku hiyo ni nafuu ya muda mfupi.

Nafasi ya mkaazi

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezipa serikali za kaunti jukumu la huduma za maji na usafi. Haki hiyo hutekelezwa kupitia bajeti, na bajeti ina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya matumizi kufikia tarehe 30 Aprili. Vikao vya kukusanya maoni ya wananchi hufanyika katika kipindi hicho. Swali la utando linaloulizwa wakati huo lina uzito. Likiulizwa siku ya uzinduzi, mkataba umeshatiwa sahihi.

Nyumbani nako kuna wajibu. Maji yaliyopita kwenye utando hayana klorini ya kuyalinda yasipotiwa baadaye. Yakiingia katika mtungi wenye ute, uchafu unarudi kabla hayajafika jikoni. Mtungi usuguliwe, ufunikwe, na kata ya kuchotea isiachwe chini. Visima navyo visiachwe kwa sababu mtambo umekuja: pampu inayovuta kwa kiasi leo inachelewesha chumvi ya kesho, na maji yenye chumvi kidogo ni rahisi kuyasafisha kuliko yenye chumvi nyingi.

Chembe za nano zinaufanya utando kuwa bora, na huenda miaka ijayo zikaufanya kuwa bora zaidi. Hata hivyo, zinahitaji mtu wa kuosha utando, mtu wa kuandika daftari, na wakaazi wanaoomba kulisoma. Kamati ambazo tayari zina mtambo zinaweza kuanza wiki hii: daftari lifunguliwe, kipimo cha maji yanayotoka kiandikwe kila asubuhi, na mwisho wa mwezi ukurasa huo ubandikwe kwenye ukuta wa kioski cha maji, pale ambapo kila anayechota atauona.